Mustang ya "Sitini na Nne na Nusu": Gari Moja Ina Tarehe Ngapi?

Leo naomba tutoke kidogo kwenye mada zetu tulizozizoea, nizungumze juu ya chuma. Mimi kazi yangu ni historia, na nimeishi Michigan zaidi ya miaka ishirini. Huku kwenye nchi ya magari nimegundua kwamba watu wa gereji wana elimu yao ya kuhakiki tarehe, na elimu yenyewe si ya mchezo. Sisi tukipewa hati ya kale tunatazama karatasi, wino, mwandiko, halafu ndiyo tunasoma tarehe aliyoandika mnakili. Wao wakiletewa gari ya zamani wanafanya vivyo hivyo, ila wao wanalala chini kwa mgongo na tochi mkononi.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja tu, nao ni Ford Mustang ya mwanzo. Nimeuchagua kwa sababu gari hii ina ubishi wa tarehe ambao mpaka leo unagombanisha watu wazima. Wamarekani wengi watakwambia kuna Mustang ya "sitini na nne na nusu". Sasa nenda katafute karatasi moja ya serikali au ya kiwanda iliyoandikwa mwaka huo. Huioni. Gari zote, tangu ile ya kwanza, zimeandikwa 1965. Hivi inakuwaje watu wote wajue kitu ambacho hakuna karatasi inayokishuhudia?

Kwanza tuanze na huu "mwaka wa modeli", maana mgeni hauelewi haraka. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927, zaidi ya gari milioni 15, na kwa muda mrefu mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza ni ya mwaka gani. Aliyegeuza mambo ni Alfred Sloan wa General Motors, ambaye katika miaka ya 1920 alishika njia ya kubadili sura ya gari kila mwaka ili mwenye ya mwaka jana ajione amepitwa. Tangu hapo mwaka ukawa sehemu ya bidhaa, kama rangi. Halafu ikaja shida ya ajira. Gari mpya zilikuwa zikionyeshwa Januari, viwanda vikawa na kazi tele majira ya baridi na ya machipuko, kisha wafanyakazi wakaachishwa kwa maelfu. Katika kupunguza dhiki hiyo wakati wa utawala wa Roosevelt, maonyesho ya New York yalisogezwa mwaka 1935 kutoka Januari kwenda Novemba. Ndiyo sababu ya desturi ya gari za "mwaka kesho" kutoka kiwandani mwaka huu. Kwa maneno mengine, mwaka wa modeli ni kalenda ya soko na ya ajira. Haukuwekwa ili kumsaidia mwanahistoria.

Mustang ikavuruga hata kalenda hiyo. Kazi ya kuiunda ilianza kiwanda cha Dearborn tarehe 9 Machi 1964, na gari ikaonyeshwa hadharani tarehe 17 Aprili kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Kwa desturi gari ya Aprili ingekuwa katikati ya msimu wa 1964. Ford wakaamua iitwe ya 1965 moja kwa moja. Basi "mwaka" huo mmoja ukaenda takriban miezi kumi na saba, mpaka Agosti 1965, na zikatoka gari 680,989. Kati ya hizo, 121,538 huhesabiwa kuwa za kipindi cha kwanza, yaani kabla ya mabadiliko ya Agosti 1964, wakati kiwanda kilipogeuza mitambo kwa ajili ya msimu wa kawaida. Hizo ndizo watu wanazoziita za sitini na nne na nusu. Jina ni la wapenzi wa gari, lakini tofauti iko ndani ya chuma chenyewe.

Sasa tuisome. Namba ya Mustang hizi ina tarakimu na herufi kumi na moja. Chukueni ile maarufu, 5F08F100001. Ile 5 ni mwaka wa modeli, 1965. F ya kwanza ni kiwanda, Dearborn. 08 ni umbo, gari ya paa la turubai la kukunja. 07 ni ya paa la bati, na 09 ni ile yenye mgongo unaoteremka mpaka nyuma. F ya pili ni injini, V8 ya inchi za ujazo 260. Zilizobaki ni namba ya mfululizo. Gari hiyo ilikuwa ya majaribio na haikukusudiwa kuuzwa, lakini huko St. John's, Newfoundland, rubani mmoja, Stanley Tucker, aliinunua. Ford waliipata tena baadaye kwa kumbadilishia na Mustang nyingine, ya 1,000,001, na leo iko makumbusho ya Henry Ford, Dearborn. Kumbe hata namba moja inataka tahadhari! Namba ndogo haimaanishi lazima gari ilitangulia kuundwa, kwa sababu namba zilitolewa kwa mpango wa oda, na gari hazikushuka kutoka kwenye mstari kwa kupangana kama wanafunzi.

Lakini ile herufi ya tano, ya injini, ina siri kubwa. Kipindi cha kwanza injini zilikuwa U, silinda sita ya inchi 170, F niliyoitaja, na D, V8 ya 289 yenye nguvu farasi 210. Kuanzia mabadiliko ya Agosti hizo tatu ziliondoka. Zikaja T, silinda sita ya inchi 200. C, 289 ya kawaida. Na A, 289 ya nguvu farasi 225. Kuna K pia, 289 kali ya nguvu farasi 271, iliyoanza Juni 1964 ikaendelea, kwa hiyo yenyewe peke yake haikuamulii ugomvi. Ukiona U, F au D, umemaliza: gari ni ya kipindi cha kwanza, hata karatasi iandike 1965 kwa wino wa dhahabu.

Herufi ya kiwanda nayo ni shahidi. San Jose, California, herufi R, ilianza kuunda Mustang Julai 1964. Metuchen, New Jersey, herufi T, ilianza Februari 1965. Mtu akikuletea Mustang ya Metuchen akasema ni ya sitini na nne na nusu, mpe chai, mzungumze mengine. Vivyo hivyo ile ya mgongo wa kuteremka, maana iliingia sokoni Septemba 1964.

Linganisheni na Chevrolet za miaka hiyo. Namba zake zilikutofautishia silinda sita na V8 basi; injini hasa haikutajwa kwenye namba mpaka modeli za 1972. Mchunguzi wa Chevrolet anahitaji ushahidi mwingi zaidi kuliko wa Ford, na ndiyo maana ulaghai wa gari za injini kubwa umestawi zaidi upande ule.

Tukitoka kwenye namba tunafika kwenye kibati cha mlango wa dereva. Humo mna umbo, rangi, vitambaa vya ndani, ofisi ya mauzo iliyoagiza, ekseli, gia, na tarehe. Tarehe inaandikwa siku kwanza halafu herufi ya mwezi: A ni Januari, B Februari, C Machi, na kuendelea mpaka M, Desemba, wakiiruka I isije ikachanganywa na tarakimu 1. Kukawa na safu ya pili, N mpaka Z, kwa modeli inayotengenezwa zaidi ya miezi kumi na miwili. Kibati kinachosema 22E ni tarehe 22 Mei. Lakini angalieni, hiyo ni siku iliyopangwa. Mipango ya kiwanda ilikuwa ikiteleza, gari ikashuka siku kadhaa baadaye. Isitoshe, kibati kimefungwa kwa ribiti mlangoni, na mlango ni kitu cha kung'oleka. Gari ikigongwa ubavuni mwaka 1971, fundi akaweka mlango wa gari nyingine, basi imepata tarehe ya kuzaliwa ya mwenzake.

Kwa hiyo namba ya kuaminika ni ile iliyogongwa kwenye bati la ndani la madigadi ya kushoto, unaloliona ukifungua boneti. Kuna mihuri mingine iliyojificha chini ya madigadi zenyewe, kushoto na kulia, na hiyo huioni mpaka ufungue bolti. Mwizi na mlaghai huwa wavivu wa kufika huko.

Kisha kuna tarehe za vipande. Bloku ya injini ina tarehe ya kusubiwa: 4E6, maana yake 1964, Mei, tarehe 6. Hapa wengi wanachanganya namba mbili. Namba ndefu inayoanza C4 au C5 ni ya usanifu: C ni muongo wa 1960, tarakimu ni mwaka ambao wahandisi walikitoa kipande hicho kwenye karatasi. Kipande cha C4 kinaweza kusubiwa hata miaka ya mbele. Ni sawa na kitabu, mwaka wa chapa ya kwanza si mwaka wa nakala uliyoishika. Tarehe ya kusubu ndiyo inayokwambia nakala hii imezaliwa lini. Na kanuni ni moja, haivunjiki: kusubu kunatangulia kuunganisha injini, injini inatangulia gari, gari inatangulia kuuzwa. Ukikuta injini iliyosubiwa baada ya siku ya kibati kwa miezi, moja kati ya hivyo viwili ni mgeni.

Sasa mapambo na vitu vidogo vidogo, maana hapo ndipo utamu. Gari ya kipindi cha kwanza ina dainamo badala ya alteneta, na taa ya kwenye dashibodi imeandikwa "GEN". Za baadaye zinaandikwa "ALT". Honi zimekaa nyuma ya rejeta, baadaye zilihamishwa. Kingo za mbele za boneti hazikukunjwa vizuri, zina ncha, na fremu za taa kubwa zimekatwa kufuata hizo ncha. Kiti cha abiria wa mbele hakisogei. Swichi ya taa za breki inasukumwa na mafuta ya breki. Baadaye ikawekwa kwenye pedali. Vipini vya ndani vya milango vimeshikwa na klipu, halafu vikaja vya skrubu. Hata maandishi MUSTANG ubavuni ni mafupi kidogo. V8 zake zinafungwa kwenye gia kwa bolti tano, za baadaye kwa sita.

Orodha hii ipo kwenye vitabu vingi, na watu wanaisoma kama sheria ya mahakama. Mimi naisoma kama mwanahistoria anavyosoma mabadiliko ya desturi. Kiwanda hakitupi mali. Msimamizi wa stoo humaliza sanduku la zamani kabla ya kufungua jipya, na mabadiliko mengine yalikuja kabla ya Agosti na mengine baada yake. Ndiyo maana unakuta gari za Julai na Agosti zenye hiki cha zamani na kile cha sasa. Gari kama hiyo haijachezewa lazima. Huenda ndiyo ya kweli kuliko ile iliyofanyiwa ukarabati ikalinganishwa na orodha mpaka ikawa safi kupita kiasi.

Niwape kisa kimoja, kwa sababu elimu hii mara nyingine inabeba heshima ya mtu. Jirani yangu, bibi wa Kimarekani, alifiwa na mumewe akabaki na Mustang ya paa la bati. Alisema waliinunua mpya Juni 1964, wiki waliyooana. Akaja mnunuzi mmoja mwenye maneno mengi, akashika hati ya umiliki, akamwonyesha: imeandikwa 1965, bibi, wewe umesahau. Kisha akafungua boneti, akaonyesha alteneta. Ati gari ya sitini na nne na nusu ingekuwa na dainamo. Bei ikashuka pale pale. Bibi hakuniita kwa ajili ya bei. Aliniita kwa sababu alikuwa ameambiwa hajui gari aliyopanda siku ya harusi yake.

Nilimwomba ile hati ile ile. Namba ilianza 5F07U. Mnunuzi alisoma mwaka, herufi ya tano hakuisoma. Kibati cha mlango kikasema 22E. Kwenye bloku nikakuta 4E6, yaani siku kumi na sita kabla ya tarehe ya kibati, ndivyo inavyotakiwa. Namba iliyogongwa kwenye bati la ndani ikalingana na hati. Ndani, kiti cha abiria hakisogei, na kwenye dashibodi taa imeandikwa "GEN". Alteneta je? Mumewe aliiweka mwenyewe, kama walivyofanya wenye gari wengi, kwa sababu dainamo inazalisha umeme kidogo gari ikiwa imesimama, na baridi ya huku haina huruma na betri. Alteneta ilisema kweli juu ya siku yake yenyewe. Juu ya siku ya gari haikuwa na la kusema. Nilimwandikia bibi ukurasa mmoja, kila shahidi na anachokisema. Mnunuzi hakurudi. Gari ameichukua mjukuu.

Kwa nini basi tusiwaulize tu Ford wenyewe? Kwa modeli za kuanzia 1967 inawezekana. Iko kampuni Arizona, Marti Auto Works, yenye leseni ya kumbukumbu za Ford za uzalishaji, na ukitoa namba ya gari inakupa ilipangwa lini, iliundwa lini, iliagizwa na nini. Kwa Mustang za 1965 na 1966 kumbukumbu za namna hiyo hazipo. Gari imebaki kuwa hati yake yenyewe. Sisi tuliozoea kutafuta historia za watu ambao ofisi haikuwaandika, tunaijua hali hii.

Na pengo hilo ndilo mlango wa walaghai. Vibati vipya vya mlango vinatengenezwa na kuuzwa, na unaweza kugongewa herufi unazozitaka. Ulaghai unaopendwa ni wa kugeuza gari ya kawaida kuwa GT. Kundi la vifaa la GT lilitolewa Aprili 1965, gari ilipotimiza mwaka: taa za ukungu kwenye grili, mistari ubavuni, breki za diski mbele, dashibodi ya saa tano za duara. Lilitolewa kwa injini za A na K tu. Namba ya gari haisemi kama ni GT, kwa hiyo mlaghai anaona njia nyeupe. Lakini tarehe inamfunga. Kibati cha Desemba 1964 na nembo ya GT haviwezi kukaa nyumba moja. Wala herufi C na GT. Na fundi mzoefu atakwenda nyuma chini ya gari, atazame kwenye chasisi kama kuna bati la kuimarisha pale eksozi za GT zinaponing'inia. Nembo inauzwa dukani. Lile bati lilichomelewa kiwandani. Vivyo hivyo vitambaa vya ndani vyenye picha ya farasi wanaokimbia: vilikuja machipuko hayo hayo ya 1965, na gari iliyotoka navyo kiwandani ina herufi B kwenye umbo lake kibatini, 65B badala ya 65A.

Ndugu zangu, neno langu ni hili. Swali "gari hii ni ya mwaka gani" ni bovu mpaka uulize kwanza: tarehe ya nini? Kuna ya kuchorwa, ya kusubiwa, ya kupangwa, ya kuundwa, ya kuuzwa, ya kuandikishwa, na ya tangazo la biashara. Mustang ya yule bibi ilikuwa nazo zote, na hakuna iliyosema uongo. Aliyepotosha ni msomaji aliyechukua moja akaipa kazi ya zote. Mara ngapi nasi, kwenye nyaraka zetu, tumeona mwaka juu ya jalada tukaridhika?

Wenye ujuzi na gari nyingine, Chevrolet, Dodge au hata Land Rover za Uingereza ambazo wengi wetu tumezipanda utotoni, watuongezee. Na mwenye kunikosoa kwenye herufi au tarehe yoyote, uwanja ni wake.

Wasalaam.